Tumbo Lina Wenyeji Wake

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya akina mama na wahudumu wa afya wa vijijini, kutoka vigango vya Kitui na Makueni. Tumeyaandika karibu sawa na yalivyosemwa.



Mama zetu, baba zetu, nanyi vijana mliojificha huko nyuma karibu na mlango, karibuni. Kabla ya mkutano huu tuliviandikia vikundi tukauliza: juu ya magonjwa ya tumbo, mngependa tuzungumze nini? Karatasi zikarudi. Nyingi zilikuwa na swali moja tu lililoandikwa kwa mikono tofauti: dawa gani ya kienyeji inaosha tumbo vizuri zaidi?

Swali hilo tutalirudia, lakini hatutalijibu kama lilivyoulizwa. Tumbo si sufuria, halingoji kusuguliwa. Lina wenyeji wanaoishi humo, na leo tunataka mfahamiane nao.

Kwanza tukiri jambo. Sisi si madaktari. Tulisomea kazi ya ustawi wa jamii, diploma iko ukutani, na haya ya tumbo tumeyapata kwa wauguzi, kwa vitabu, na kwa makosa ya nyumbani kwetu wenyewe. Kosa moja tutawasimulia.

Mtoto wetu wa pili alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alianza kuhara siku ya soko. Kuhara kwa maji matupu, mara sita kabla ya adhuhuri. Basi tulifanya nini, sisi wenye diploma? Tulimtuma dada yake dukani akanunue rangi mbili. Mnacheka kwa sababu mnazijua: zile kapsuli zinazouzwa moja moja kando ya kiberiti na sukari. Tukafungua kapsuli, tukamimina nusu ya unga wake kwenye uji. Jioni tukampa nusu iliyobaki. Na kwa kuwa jirani alisema akinywa maji atazidi kuhara, tukamnyima maji.

Kesho yake alihara zaidi. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani, analia hatoi machozi, na ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Tukambeba mbio mpaka zahanati. Muuguzi hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mmempa nini?" Tulipomwambia alinyamaza kidogo, akachanganya pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi, akatupatia kijiko. Kijiko baada ya kijiko. Akitapika mnangoja dakika kumi, mnaanza tena polepole. Tulikaa kwenye benchi ile tangu asubuhi. Kama saa tisa alasiri mtoto akakojoa kwenye leso, na hatujawahi kuifurahia leso iliyolowa namna ile.

Ndipo muuguzi akatueleza. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo huletwa na virusi, hasa rota, ile ambayo tangu 2014 watoto wa Kenya wanapewa chanjo yake. Virusi haviogopi kapsuli yoyote ya antibiotiki. Na kinachomwua mtoto anayehara hivyo ni maji na chumvi zinazotoka mwilini bila kurudishwa. Kwa hiyo rangi mbili yetu haikuugusa ugonjwa hata kidogo. Waliopigwa ni wenyeji.

Sasa wenyeji hao ni nani? Ni bakteria na vijidudu wengine wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani yetu, wengi wao katika utumbo mpana. Mwaka 2016 wataalamu walipiga hesabu upya wakakadiria kwamba mtu mzima hubeba bakteria kama trilioni 38, idadi inayolingana au kuzidi kidogo ya chembe za mwili wake mwenyewe. Wote pamoja uzito wao ni kama gramu 200, yaani pungufu ya nusu pakiti ya chumvi. Wanakula yale mabaki ambayo sisi hatuwezi kuyameng'enya. Wanatengeneza vitamini K na baadhi ya zile za kundi la B. Wanaifundisha kinga ya mwili kumjua adui na rafiki. Tena wanakalia nafasi, na hili la nafasi ndilo kubwa. Nyinyi ni wakulima. Ukilima shamba ukaliacha tupu, ni nani anayeota kwanza? Si ndengu. Ni magugu. Tumbo lililomwagiwa antibiotiki bila sababu ni shamba la namna hiyo, na ndiyo maana watu wengine huanza kuhara baada ya kunywa hizo dawa, hali walizinywa kwa ajili ya koo au jino.

Msitoke hapa mkasema tumekataza antibiotiki. Zinaokoa watu wa taifodi na wa nimonia. Mtoto akihara damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na huenda ndizo atakazopewa. Lakini sheria ya Kenya yenyewe inazitaka zitolewe kwa cheti cha daktari, na sababu si kuwasumbua maskini. Kila zinapotumiwa ovyo, bakteria wabaya wanajifunza kuzizoea. Siku utakapozihitaji kweli, hazitafanya kazi.

Andikeni hii, tafadhali, hata nyuma ya mkono. Pakiti ya ORS ikikosekana: maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja. Chumvi isizidi ya machozi, ikizidi ni hatari. Pamoja na hayo, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa mtoto ambaye hajafika miezi sita. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema haya mwaka 2004. Vidonge hivyo viko zahanati, tatizo ni kwamba tunapita dukani kwanza. Na mtoto aendelee kunyonya na kula.

Tuje kwenye chakula, maana wenyeji hawa wanakula tunachowaachia.

Kulikuwa na daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Ugonjwa mmoja wa saratani ya watoto unaitwa kwa jina lake. Baadaye akashughulika na jambo ambalo watu wenye heshima zao hawalizungumzi mezani: choo. Akalinganisha. Watu wa vijijini Afrika walikuwa wakienda choo kingi, laini, na chakula kilipita tumboni haraka. Waingereza walikuwa wakitoa kidogo, kigumu, baada ya siku nyingi. Na magonjwa kama saratani ya utumbo mpana, yaliyojaa kwao, yeye aliyaona mara chache sana Mulago. Akasema tofauti ni nyuzinyuzi, yaani yale makapi ya nafaka, kunde na mboga. Wakati ule haikujulikana vizuri ni kwa nini. Leo tunajua sehemu ya sababu: bakteria wazuri wanayachachua makapi hayo ndani ya utumbo mpana, na kutokana nayo wanatoa asidi ambazo ndizo chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe.

Sasa tuangalieni sahani zetu. Ndengu, nzuu, kunde, mtama, mawele, isyo ya mahindi na maharagwe: hivyo ndivyo Burkitt angevisifu. Nasi tumeviita chakula cha shida. Mgeni akija tunakimbilia mkate mweupe na soda. Unga wa mashine ya kijijini tunauonea haya, tunataka wa paketi, mweupe kama chokaa, ambao makapi na kiini vimeondolewa akala ng'ombe. Ng'ombe ana bahati. Hata muthokoi wetu, ingawa tunaupenda sana, umekobolewa ganda, kwa hiyo upikwe na kunde au nzuu nyingi, usiwe mahindi matupu.

Kuna utafiti wa karibu, wa majirani zetu. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi, Tanzania, na wenzao wa Uholanzi walitangaza matokeo ya majaribio kwa wanaume 77 wenye afya, kaskazini mwa nchi hiyo. Waliozoea chakula cha kijijini walipewa cha kizungu kwa wiki mbili: soseji, mkate mweupe, chipsi. Waliozoea hicho cha mjini wakapewa cha asili. Kundi la tatu likanywa mbege, ile ya ndizi iliyochachuka, kwa wiki moja. Wiki mbili tu, jamani! Walioingia kwenye soseji, dalili za uvimbe wa ndani ya damu zilipanda na chembe za kinga zikalegea kidogo mbele ya vijidudu. Kwa wale wengine dalili hizo zilishuka. Mabadiliko mengine yalionekana bado wiki nne baadaye. (Mzee mmoja hapa mbele amenyanyua mkono kwa sababu ya mbege. Subiri, mzee wetu, tutafika.)

Kuchachua si jambo la Wachagga peke yao. Susu zetu walikoroga unga wa mawele au mtama kwa maji, wakauacha usiku mmoja au mbili, ndipo wakapika usuu wenye ukali kidogo. Wanaochachua ni bakteria wa asidi ya maziwa, ndugu za wale wa maziwa lala. Asidi hiyo inawazuia vijidudu wa kuhara kuzaana katika uji, na hilo ni jambo kubwa kwa mama anayepika asubuhi akaenda shambani hadi jioni. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1990, watoto wadogo waliopewa togwa, uji uliochachuliwa, walipopimwa choo walikutwa na vijidudu wa kuhara wachache kuliko wenzao. Lakini tuseme kitu kimoja ambacho watu hawakipendi: ukichachua kwanza halafu ukachemsha, bakteria wazuri wanakufa na asidi inabaki. Bado una faida. Ukitaka wawe hai, pika kwanza, acha upoe uwe vuguvugu, kisha tia kidogo ya ule wa jana.

Maziwa ni vivyo hivyo. Yachemsheni kwanza, maana maziwa mabichi yanaleta brusela na kifua kikuu. Yakipoa kiasi cha kuvumilia kidole, tia vijiko viwili vitatu vya maziwa lala mazuri, funika, acha usiku. Kitete ni chombo kizuri kama kimeoshwa kwa maji moto na kukaushwa. Chenye harufu ya uozo, kisameheni.

Haya, dawa za miti shamba.

Hatuko upande wa wanaozidharau, hata kidogo. Ukwaju wa kithumula unalainisha choo, na hilo linajulikana dunia nzima. Ubuyu wa mibuyu yetu ya Kibwezi, Mtito Andei na upande wa Mutomo una nyuzinyuzi nyingi na vitamini C, na sisi tunauacha uokotwe na wafanyabiashara. Tangawizi inatuliza kichefuchefu. Hizi ni karibu na chakula, na wenyeji wa tumbo wanakaa nazo vizuri.

Lakini kuna nyingine ambazo ni viboko. Utomvu wa manjano wa kiluma, mshubiri, unaharisha kwa nguvu; mama mjamzito asiuguse. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwaua watoto wachanga waliomezeshwa. Kupaka ngozi ni kitu kingine. Na hao wenye vipaza sauti kwenye stendi za matatu, wanaouza chupa ya kuosha tumbo, nyongo, figo na mikosi kwa pamoja: ukisikia dawa moja inatibu magonjwa arobaini, shika mfuko wako. Mtu akihara siku nzima anasema, "Imefanya kazi, uchafu umetoka." Uchafu gani? Aliyetoka ni maji yako, chumvi zako, na wale wenyeji.

Tena hilo neno "asili" linatudanganya. Hata ukungu ni wa asili.

Wenye umri wetu mnakumbuka 2004. Tulikuwa wapya kazini. Mvua ilikuja wakati mbaya, mahindi yakavunwa mabichi, na kwa hofu ya wezi watu wakayaingiza ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Yakashikwa na kuvu, na kuvu likatoa sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, wengine Machakos na Thika. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, huko huko Makueni, watu 12 walikufa kati ya 20 walioletwa hospitali. Mwaka huo wa 2004 mahindi yalipopimwa kutoka masoko, zaidi ya nusu ya sampuli ilipita kipimo kilichokubaliwa na sheria. Boma moja tulilofika tulikuta watu watatu wenye macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. Walikuwa wameamua ni nyongo. Kwa siku nne walikunywa dawa chungu ya kushusha nyongo, na siku zote nne sufuria ya mahindi yale yale ilikuwa mekoni. Ukoo ule haukurudi kuwa vile ulivyokuwa.

Sumu hii haifi kwa kuchemsha, wala kwa kuchachua msiitegemee. Kukoboa muthokoi kunaipunguza, hakuimalizi. Dawa yake ni kuikinga: kaushieni kwenye turubai, si kwenye udongo, na mahindi yaliyoota ukungu yasipewe hata kuku. Kujua kama yamekauka, chukueni chupa kavu, tieni punje na chumvi kavu, tikiseni, acheni kidogo. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, rudini juani. Na hapa mtaona jambo la kupendeza. Ile dawa ya shambani inayoitwa Aflasafe, iliyoidhinishwa Kenya mwaka 2015 na kutengenezwa KALRO Katumani, kazi yake si kuua. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu la ndugu zake lile baya, ila hili halina sumu. Unalitawanya chini wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua, kilo nne kwa ekari, nalo linakalia nafasi. Ni yale yale ya tumboni.

Juu ya alsa tutasema kidogo tu, maana saa imekwenda. Miaka mingi tuliambiwa ni mawazo na pilipili. Huko Australia, Barry Marshall na Robin Warren waligundua bakteria aitwaye Helikobakta pilori katika matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall akamnywa yeye mwenyewe ili kuthibitisha, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo hapa antibiotiki ni haki yako: upimwe, ukikutwa naye unapewa za aina mbili pamoja na ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Maziwa na majivu havimfukuzi. Dawa za maumivu za kila siku nazo zinachimba vidonda, wale wa migongo na magoti mwangalie. Choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni: hayo si ya miti shamba, ni ya hospitali, na mapema.

Maswali yalikuwa mengi. Mzee wa mbege aliuliza kama kaluvu nayo inahesabiwa. Tulimjibu kwamba waliopimwa ni vijana wenye afya, kwa wiki moja, kwa kipimo, na kaluvu haikuwemo. Hakuridhika. Mama mmoja aliuliza juu ya asali kwa mtoto mchanga: hapana, mpaka apite mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvizuia.

Swali la mwisho halikuulizwa mbele ya watu. Tulipokuwa tukikunja turubai, mama mdogo mwenye mtoto wa wiki tatu alitusogelea. Mama mkwe wake anampa mtoto maji ya mizizi kila jioni, kijiko kimoja, ili tumbo lisimsumbue. Tulimwambia maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila hata maji, na kwamba ndani yake kuna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zipo kwa ajili ya kuwalisha bakteria wazuri wa kwanza wanaokuja kukaa tumboni mwake. Akasema, "Hayo nilifundishwa kliniki. Lakini nani atamwambia susu?"

Jumamosi tutakwenda naye. Tutabeba sukari na majani ya chai, na tutamwomba susu kwanza atueleze hiyo mizizi ni ya mti gani.